Kuwashusha Watoto Milimani kwa Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima. Shirika lenyewe lilikuwa la umma, lina ofisi zake Mchafukoge mjini Dar, nami nilikuwa nimeajiriwa kuwa tarishi, yaani mtu wa kupeleka barua na majalada kutoka ofisi hii hadi ile. Matarishi wenzangu wote walikuwa wanaume. Mkuu wa Masjala, mzee mkali aliyetunza majalada yote ya shirika, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ndugu Agata," akasema, "barua hizi za Upanga utazipeleka kwa miguu?"

"Nipe baiskeli, Ndugu Mkuu."

"Kwani huko kwenu Masasi wanawake wanaendesha baiskeli?"

"Baba yangu ni katekista. Vigango vyake, yale makanisa madogo ya vijijini, viko mbalimbali. Akiumwa, mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na baiskeli yake kupeleka habari."

Akanipa baiskeli ya Kichina, nyeusi, nzito kama kitanda cha chuma. Nilijifunga kanga juu ya gauni, nikafunga majalada kwenye keria kwa kamba ya mpira, nikatoka. Pale Kariakoo watoto walinikimbilia wakipiga kelele kana kwamba ngoma inapita. Nilirudi kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa Masjala aliangalia saini za waliopokea, akanipa mzigo mwingine. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa pongezi.

Nilifanya utarishi miaka kadhaa. Baiskeli za shirika zilikuwa zinakufa moja moja kwa kukosa vipuri, na kwa kuwa ya kwangu nilikuwa naitengeneza mwenyewe, nilihamishiwa karakana yetu ya Gerezani, jirani na reli. Msimamizi wa Karakana alikuwa mtu wa Kigoma, msemaji wa maneno machache. Siku niliyoripoti alinipa gurudumu akaniambia nilizungushe karibu na sikio.

"Unasikia nini?"

"Linakwaruza."

"Hizo ni gololi zimekauka. Baiskeli haifichi ugonjwa, Agata. Inapiga kelele. Ila watu wanazoea kelele."

Kwake nilijifunza kunyoosha ringi iliyopinda kwa kukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba. Nilijifunza breki za vyuma. Ninyi mnaoendesha za waya hamzijui. Ukibana mkono, fimbo ya chuma inavuta kipande cha mpira juu mpaka kinagusa ringi. Vile vipande vya mpira ndivyo vilivyokuwa vikitusumbua. Vya dukani vilikuwa havipatikani, basi tulikata vyetu kutoka kwenye tairi kuukuu za malori, tukavichonga kwa kisu. Mjini vilishika vizuri kabisa.

Meneja Utumishi ndiye aliyeleta jambo ambalo lilibadili maisha yangu. Alikuwa bado kijana, mwembamba, anatembea upesi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alituita mkutanoni akasema wafanyakazi wanaokwenda likizo wanaishia kukaa vibarazani Kariakoo kwa sababu nauli za kwenda kwao ni kubwa na petroli ni ya foleni. Tena akasema neno ambalo wanawake wote tuliokuwemo tulilipigia makofi:

"Na mfanyakazi anapewa likizo, mkewe hapewi. Anaendelea kupika palepale."

Mpango wake ulikuwa huu. Malori yaliyoshusha kabichi na karoti sokoni Kariakoo yalikuwa yanarudi Lushoto matupu. Basi yabebe baiskeli zetu. Familia zipande treni mpaka Mombo, chini ya Milima ya Usambara, lori liwapandishe juu, walale kwenye mabweni ya chuo kilichofungwa, wazunguke vijijini kwa baiskeli, baba, mama na watoto. Mwisho wa likizo washuke wenyewe hadi Mombo wapande treni.

Mkuu wa Masjala aliinua mkono. "Na hao akina mama nani atawafundisha kuendesha? Mimi sitaki mwanamume amshike mke wangu kiuno."

Watu walicheka, kisha wote wakageuka kunitazama mimi.

Hivyo ndivyo nilivyopewa cheo cha Mwongoza Misafara. Asubuhi na mapema, kabla mji haujachangamka, nilikuwa nakutana na wake za wafanyakazi viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwanzo nilikuwa nateremsha tandiko mpaka miguu miwili iguse chini, nafungua pedali, namwambia mtu asukume ardhi kwa miguu kama bata anayeogelea. Akizoea kusimama wima, ndipo namrudishia pedali. Wengi walijua ndani ya wiki.

Aliyenisumbua ni Bi Somoe, mke wa Ndugu Likoko wa bohari. Watu wa Lindi, wanakaa Gerezani. Hakuwa mwoga wa kuanguka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zainabu, binti mwenye magoti yenye makovu na mdomo usiofungwa, ambaye alijifunza kuendesha kwa siku moja huku mama yake akitazama kwa uso wa mtu anayetazama mtoto akicheza na kisu.

"Dada Agata," aliniambia, "kabla ya huyu nimezika wawili. Mimi nitakwenda huko milimani kwa sababu baba yake anataka na mtoto analia. Lakini nakukabidhi wewe. Umesikia? Wewe."

"Nimesikia, Bi Somoe."

"Sema umepokea."

"Nimepokea."

Tulipofika Lushoto, watu wa Dar walishangaa baridi. Ndugu Likoko alilala na viatu. Lakini asubuhi, ukungu ulipopanda na watoto wakaona mashamba yaliyopangwa mlimani kama ngazi, hakuna aliyetaka kurudi. Tuliendesha kila siku. Tulinunua plamu na peasi njiani. Kwenye vilima vikali tulishuka tukasukuma, na wazee wa Kisambaa walisimama kando ya njia wakatuuliza kwa heshima kama tumeharibikiwa na basi. Bi Somoe alibadilika mbele ya macho yetu. Siku ya tatu nilimwona anashuka kilima kidogo ameachia breki, kanga ya kichwani imempeperuka, anacheka peke yake. Mumewe aliniambia hajamsikia akicheka vile tangu msiba wao wa mwisho.

Kushuka mlima kuna taratibu zake, nami nilikuwa nazisema kila asubuhi mpaka watoto wakaziimba. Mwongozaji yuko mbele, hapitwi. Mfunga msafara yuko nyuma, haachi mtu. Breki haibanwi moja kwa moja, ringi itapata moto. Unabana, unaachia, unabana, unaachia. Na breki ikikataa, usiruke. Elekea upande wa mlima, kamwe usiende upande wa bonde, tafuta mahali panapopanda.

Siku ya kurudi tuliamka na manyunyu. Treni haisubiri mtu, tukatoka. Mpaka Soni tulikwenda vizuri, polepole. Kutoka Soni barabara inajikunja ukutani mwa mlima, mwamba upande mmoja, upande wa pili bonde ambalo ukitupa jiwe husikii linapotua. Ukungu ulikuwa umefunga. Nilikuwa mbele, Zainabu nyuma yangu, mama yake nyuma yake, na Ndugu Likoko amefunga msafara nyuma ya wengine wote.

Nilisikia magurudumu yanakuja kasi. Kabla sijageuka, Zainabu alinipita, miguu imetoka kwenye pedali.

"Shangazi, haishiki! Haishiki!"

"Upande wa mlima!" nilipiga kelele. "Zainabu, upande wa mlima!"

Kisha ukungu ukammeza. Nyuma yangu nilisikia Bi Somoe akiita jina la mwanawe mara moja tu, kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka.

Niliachia breki nikamfuata. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya lami, na kila nilipobana, breki zangu ziliteleza kabla ya kushika, nikaelewa kilichompata mtoto. Ile mipira yetu ya tairi za malori, iliyotufaa sana Kariakoo kwenye jua, ikilowa na kusuguliwa mteremko mrefu inakuwa kama sabuni. Nilipita kona ya kwanza, hakuna mtu. Kona ya pili, hakuna. Kwenye ya tatu niliona ndala moja ya mtoto katikati ya barabara. Nilishuka kwenye baiskeli, au nilianguka, sijui. Nilikwenda mpaka ukingoni nikatazama chini. Weupe mtupu. Niliita. Bonde likanirudishia sauti yangu mwenyewe.

Nilipiga magoti palepale. Nilijaribu kusali, na mimi ni binti wa katekista, sala nazijua kwa moyo, lakini hata Baba Yetu ilinipotea.

Ndipo nikasikia mwanamke anagomba kwa Kisambaa. Sauti haikutoka bondeni. Ilitoka juu, nyuma yangu, upande wa mlima. Nikageuka nikaona kijia chembamba cha udongo kinachopanda kutoka barabarani kuelekea kwenye migomba. Nilipanda kwa mikono na miguu.

Zainabu alikuwa ameketi juu ya mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe, mguu mmoja hauna ndala, kiwiko kinavuja damu, anakula ndizi. Baiskeli yake ilikuwa imelala kando, spoki zimejaa majani. Mama mmoja wa makamo, mwenye mundu mkononi, alikuwa amesimama mbele yake.

"Huyu ni wako?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Ni wangu," nikasema.

"Nimetua mzigo nipumzike, akaja kama ndama aliyekata kamba. Ameniharibia majani yangu." Alinitazama tena, akalainika. "Kaa chini, mama. Wewe ndiye unayetetemeka, siyo yeye."

"Niliona hii njia inapanda," Zainabu alisema huku akitafuna. "Nikaingia. Ilipopanda sana baiskeli ikachoka yenyewe. Shangazi, mbona unalia?"

Bi Somoe alitokea kwenye migomba akikimbia, hana viatu. Hakumkumbatia mwanawe mara moja. Alimshika mkono mmoja, akaugeuza, akaushusha. Akashika wa pili. Akapapasa kichwa, shingo, miguu, kama mtu anayekagua kitu alichoazimisha. Alipomaliza, alikaa kwenye yale majani, akamvuta mtoto mapajani ingawa alikuwa mkubwa wa kupakatwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na mwenye majani naye akacheka, na mimi nikajikuta nimejiunga nao. Ndugu Likoko alitukuta hivyo, akadhani tumerukwa na akili.

Hatukuendesha tena. Msafara mzima ulishuka Mombo kwa miguu, tunasukuma baiskeli, na mwenye majani alitusindikiza kipande kirefu akituonyesha njia za mkato. Treni nayo, kama kawaida yake siku zile, ilikuwa imechelewa. Hakuna abiria waliowahi kuifurahia treni iliyochelewa kama sisi.

Jumatatu niliitwa kwa Meneja Utumishi. Nilikuwa nimekwisha kuwaaga wenzangu wa karakana. Nilimkuta Bi Somoe ameketi mbele ya meza yake, amevaa baibui lake jipya.

"Ndugu Agata," Meneja akasema, "mama huyu amefika hapa kabla yangu. Nimemkuta mlangoni. Mwambie mwenyewe, Bi Somoe."

"Nimekuja kusema mambo mawili," Bi Somoe akasema, bila kunitazama. "La kwanza, zile breki mzipime kwa maji. Na tupime sisi akina mama, siyo mafundi peke yao. Kila mama apime ya mwanawe."

"Na la pili?" Meneja akauliza.

"La pili, mkimwondoa huyu, mwakani nani atatupeleka?"

Meneja alinitazama, nami nikatazama sakafu, maana nilijua nikiinua uso nitalia mbele ya wakubwa.

Yote mawili yalitimizwa. Msimamizi wa Karakana alichimba shimo uani Gerezani, akalijaza maji, na tangu hapo kila baiskeli ya safari ilipitishwa humo kisha ikajaribiwa kwenye ubao ulioinamishwa. Akina mama walisimama pembeni na kanga zao kiunoni, wanabana, wanaachia, wanakataa. Mwingine alikataa mpaka fundi akamwomba radhi. Tuliacha mpira wa tairi tukajaribu ngozi ya ng'ombe, ambayo ikilowa hushika zaidi. Na kutoka Soni kwenda chini, kukiwa na manyunyu, tulishuka kwa miguu. Watoto walinung'unika kila mwaka. Waache wanung'unike.

Misafara ilidumu mpaka shirika lilipobadilishwa muundo, na mipango ya namna ile ikafutwa. Nilimalizia utumishi wangu masjala, kwenye kiti, chini ya Mkuu mpya ambaye hakuwahi kuniona juu ya baiskeli. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na soda.

Wajukuu wananiuliza kama naikumbuka kazi ile kwa majonzi. Nawaambia hapana. Naikumbuka kwa kushusha pumzi. Niliwapandisha watoto wa watu milimani miaka mingi, wengine sasa wana mvi, na sikumwacha hata mmoja huko. Zamani mvua ikianza kupiga bati nilikuwa naamka na kukaa kitandani, hata kama hakuna msafara, nawaza ile barabara ya Soni. Siku hizi ikinyesha najivutia shuka. Naisikiliza kidogo inavyopiga, halafu nalala.