Uzi Uliokufa na Kufuli Mkononi

Mwenye ghala la kakao pale Bwera alikuwa mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwenye sauti ya kusikika hadi kwao. Alikuwa na mizani mbili na printa moja ya lebo. Nilimwandikia programu yenye nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi inayokwenda sambamba, kila uzi ukihudumia mizani yake, na kufuli moja ili zisigombanie printa: uzi ulioshika kufuli unachapisha, mwenzake anangoja. Nikaweka na kitufe chekundu cha kukatisha, kwa mkulima atakayeghairi gunia likiwa tayari juu ya mizani. Nilijivuna mno.

Sikujua kwamba wakulima wa Bwera hughairi kila baada ya dakika tano.

Siku ya soko simu ililia nikiwa nyumbani Nyamwamba, nafua.

"Mutoto wangu, mashini yako imekufa. Batu beko kwa foleni mupaka barabarani!"

"Umezima na kuwasha, mama?"

"Mara tatu! Inaamuka, nabonyeza nyekundu, inalala tena."

Nikaenda. Mlangoni nilipokewa na mpimaji, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi. "Afande wa kompyuta! Kuja hapa! Tengeneza!"

Nikaketi juu ya gunia, nikawaomba warudie walichofanya. Mzee akapima, lebo ikaanza kutoka, mama akabonyeza. Lebo ikaning'inia nusu, na mizani ya pili ikaganda. Nikafungua programu, nikausoma mstari wa kitufe. Kitufe changu kilikuwa kinaua uzi papo hapo, bila kujali umefika wapi. Uzi ulikufa na kufuli mkononi, na mwenzake akawa anangoja kufuli ambalo hakuna tena wa kuliachia.

"Umeona?" mama akauliza.

"Nimeona. Kosa ni langu."

"Hiyo nilijua tangu asubui."

Nikaandika upya, foleni nzima ikinichungulia begani. Sasa kitufe hakiui. Kinaacha alama tu ya kuomba uzi usimame. Uzi unaitazama alama hiyo kila umalizapo hatua. Ukiikuta, unamalizia lebo, unaachia kufuli, ndipo unaondoka.

Mama akajaribu. Printa ikaendelea kunguruma.

"Inanikatalia!"

"Inamalizia kwanza, mama."

Hakuamini. Akabonyeza tena na tena, hadi mzee akafoka: "Imesikia! Toa mkono!" Lebo ikatoka nzima. Mizani ya pili ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea, na mama akacheka mpaka akashika meza. Nililishwa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, nikatambulishwa kwa kila aliyeingia kuwa fundi wake.

Jioni ile nilifungua programu zangu nyingine. Mstari uleule wa kuua uzi ulikuwa umekaa kwa raha zake katika programu ya ghala la mpunga, Mubuku. Kesho yake asubuhi nikatokea huko na kompyuta kwapani, nikasema nimepita tu kuwasalimia.