Dokta wa Kutu na Maharagi Tano za Scholastique

"Umeua maharagi ya Burundi muzima! Toka Bwiza mpaka mulima ya mwisho, watu watakula majani ya muhogo mpaka meno igeuke kijani, na wataniuliza mi, Zubeda, juu ugonjwa imetokea mu parseli yangu!"

"Mama, ni ndoo sita tu."

"Ndoo sita za kipindupindu!"

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mu ile parseli, kiwanja yenye iko nyuma ya jiko ya mama Zubeda, hapa Bwiza, mutaa yetu ya mujini. Mi nilikuja kuomba moto ya makaa, nikaona kiti iko wazi, nikakaa. Ugomvi nzuri haiachwi hivi hivi. Mama Zubeda alisimama na mwiko mukononi. Miaka yake ni sabini na kitu, lakini sauti bado iko ya makumi tatu. Mbele yake alichuchumaa Profeseri Callixte, mutu mwenye anafundisha bioloji ku iniversite, mwenye akiingia darasani hata simu zinanyamaza. Pale alikuwa anageuza jani ya maharagi na kidole moja, kama mutoto amekamatwa na sukari mudomoni.

Ile jani ilikuwa na madoa nyekundu. Ukipitisha kidole, unga nyekundu inabaki. Ndiyo kutu hiyo, ugonjwa ya maharagi, na ndiyo kazi ya Callixte tangu miaka makumi tatu: kuvu zenye zinakula mimea ya watu. Wanaume wengine wanaleta bibi ya pili. Yeye alileta kuvu, na inakaa ku frigo.

Mi na Callixte tulikomaa pamoja. Nyumba ya mama yake, Scholastique, ilikuwa inagawana ukuta na nyumba ya mama Zubeda, na ile ukuta ilikuwa na tundu. Mu tundu ilipitaga chumvi, kiberiti, habari za watu, na siku zingine sikio ya Callixte ilivutwa kupitia pale pale. Scholastique alikuwa mutu wa misa kila asubuhi, Zubeda mutu wa swala tano. Lakini mwezi ya Ramadhani, jua ikianza kulegea, sufuria ya Scholastique ilizunguka barabarani juu ya kichwa ya Callixte, inakuja kufuturisha jirani. Mi nilikuwa Muislamu wa kufunga nusu siku. Ku ile sufuria nilikuwa wa kwanza.

Ndani kulikuwa maharagi yenye sijaona tena mahali: ndogo, ya manjano, na jicho nyekundu. Tuliiita Mugeni-ngoja. Unamwambia mugeni "ngoja kidogo," kabla hajamaliza kusalimia watoto, chakula imeiva. Na ile harufu, na mawese na kitunguu... Basi niache, nitaanza kulia ku kiti ya watu.

Callixte akaenda kusoma Ubeleji, akarudi na doktora. Scholastique akazunguka Bwiza yote na kitenge mupya: "Mutoto wangu amekuwa dokta wa rouille!" Sasa, rouille kwa Kifaransa ni kutu, na Bwiza ni ya mafundi. Kesho yake asubuhi, Amissi, fundi wa magari, akafika na mulango nzima ya Corolla ku mabega.

"Dokta, karibu nyumbani. Mugonjwa wako huyu."

Nyuma yake kulikuwa mutu na mabati, mwingine na kitanda ya chuma. Scholastique aliwapanga kwa foleni, akawatolea viti, akafurahi kuona mutoto wake anapendwa. Callixte akatoka na pijama. Mutu mwingine angecheka, ao angekasirika. Yeye alishika kidole ya Amissi, akaipitisha ku mulango ya Corolla. Kisha akatoa jani kavu mu kitabu, akapitisha kidole ingine pale. Vidole mbili, zote nyekundu.

"Unaona? Zinafanana. Lakini ya chuma haina uhai. Hii ya jani inaishi. Inakula kwa mwenyeji, inazaa pale pale, kisha inapanda upepo inaenda kwa jirani."

Amissi akasugua vidole vyake. "Basi iko kama shemeji yangu."

Jina ikabaki: Dokta wa Kutu. Na mpaka leo, Amissi akienda kusalimia wakwe zake mulimani, anarudi na majani yenye ugonjwa ndani ya gazeti, na grisi kidogo pembeni. Callixte anaandika: mahali, siku, "imeletwa na Amissi, fundi." Nilionaga ile karatasi. Amissi anaijua kwa moyo kuliko dua.

Scholastique alitutoka miaka ine sasa. Mugeni-ngoja ilikuwa imeshapotea hata mbele ya kifo yake. Sokoni wanauza ile nyekundu kubwa, na ukiuliza ya zamani, muuzaji anakuangalia kama umeomba mukia ya simba. Kumbe mwaka huu, wakati wa kupaka jiko chokaa, mama Zubeda akakuta juu ya kabati chupa ya rafiki yake, maharagi ndani ya majivu. Fukusi zilikuwa zimekula karibu zote. Kumi na mbili tu ndizo zilibaki nzima.

Callixte alikuja kwa miguu toka kampasi, juu esansi ya magari hakuna, shati imelowa. Akamwaga zile mbegu mu kiganja, akazihesabu, akazihesabu tena.

"Zimezeeka," akasema. "Tusipopanda zote sasa, mwaka kesho hakuna moja yenye itaota."

"Panda. Lakini zisitoke mu parseli yangu. Zikienda iniversite zitapewa namba, na mi sitaziona tena."

Akakubali. Akapanda kumi na mbili, zikaota tano. Mama Zubeda alizinywesha na maji yenye ilibaki mu birika ya kutawadha, na alikuwa anazisalimia, nilimusikia, asikatae.

Sasa, wiki tatu kisha, profeseri wetu akaleta ndoo sita zenye zilikuwaga za rangi, ndani yake amepanda maharagi ya sokoni, majani nyekundu ya kutu, akazipanga kuzunguka zile tano. Ku kazi yao ndivyo wanafanyaga: unaweka mugonjwa karibu na muzima, unaangalia nani anasimama. Hakuelezea mutu. Mama Zubeda alifikiri ni zawadi, akashukuru. Mpaka ile Jumapili akaona madoa ku Mugeni-ngoja.

"Yatima tano," akasema, "na we unawalaza kitanda moja na wagonjwa. Mbegu ya mama yako!"

"Mama, kutu haiingiaga mu mbegu. Inakaa ku majani. Maganda ikijaa kabla majani haijaisha, tumepona."

"Na isipojaa?"

Callixte akageuza jani ingine.

"Dawa iko?"

"Iko. Ku laboratwari."

"Basi kimbia!"

"Nikipiga dawa sitajua kama hii maharagi inajitetea yenyewe. Angalia, mama. Ku ya sokoni doa ni kubwa, inamwaga unga. Ku hii yetu ni kama ncha ya sindano, na pembeni imekauka. Pengine inakataa ugonjwa. Kama inakataa, mutu wa mulimani mwenye hana hata franga ya dawa..." Sauti ilikuwa inapanda, kama iko mbele ya ubao.

"Pengine! Mi nimekula hii maharagi miaka makumi tatu, we unaniletea pengine!"

Mi nikajaribu kuwa mutu wa amani. "Piga dawa ku mbili, uache tatu."

"Zimekaribiana," Callixte akasema. "Upepo itapeleka dawa kwa zote."

"Na we," mama Zubeda akanigeukia, "ulikuja kuomba moto. Chukua moto."

Sikutoka. Mama Zubeda akakaa ku kigoda, akaweka mwiko chini. Sauti ikashuka, na ile ndiyo iliniogopesha.

"Callixte. Nijibu neno moja tu, usinipe darasa. Hizi maharagi ni za iniversite, ao ni za Scholastique?"

Callixte akasimama. Magoti yake ililia, juu na yeye si kijana tena. Akapangusa kidole ku muswali, kitambaa yake ya jasho, akaukunja na ule unga nyekundu ndani, akautia mufukoni. Akaangalia zile tano moja moja. Kisha akafungua mulango ya parseli, akashika barabara.

"We Callixte!"

Hakugeuka. Ile barabara inaenda laboratwari, kwenye dawa iko. Inaenda Mutakura pia, kwenye anakaa.