Lenzi ya Wanyama kwenye Hina ya Wijdan

Wifi yangu Hafidha, mke wa kaka yangu, hana kosa ila moja: hasemi. Umkute anamenya muhogo, umuulize anapika nini, atakujibu bado hajajua. Sisi wa Bagamoyo tumelelewa hivyo, jambo halitangazwi mpaka liwe, watu wana macho. Lakini Hafidha kapitiliza. Mimba zake zote nne niliambiwa na tumbo.

Kazi yake ilikuwa kukaanga maandazi, na siku za harusi kupiga picha kwa simu. Kwetu chumba cha wanawake mwanamume haingii, hata aje na kamera ya dhahabu, kwa hiyo mpiga picha wa kike ilibidi aletwe kutoka Dar. Anafika kachelewa, anaondoka na sahani mbili za pilau. Bi Shaikha wa duka la vitambaa alikuwa anamwoza binti yake Wijdan, na hao wa Dar alikwisha kuwachoka. Akamwita Hafidha, akamwambia siku ya hina apige yeye, ila si kwa simu, kwa kamera ya watu wazima. Akifanya vizuri, siku zote za harusi zake, na wenye harusi wengine watamfuata maana Bi Shaikha akitangulia mji unafuata. Akiharibu, arudi kwenye karai lake, na shughuli za wanawake azisikie redioni.

Hafidha akavunja kibubu, tukaenda Kariakoo mimi na yeye.

Muuza duka, kijana mmoja akiitwa Ishaka, alituamkia shikamoo vizuri, tukaitikia, tukaanza kuchagua. Tulichagua kama tunavyochagua sufuria. Tukaipima kila moja mkononi, tukaigonga kwa kucha, tukainusa. Ishaka alivumilia. Mwishowe akasema kwa adabu kwamba kamera hizi huvalishwa lenzi, na lenzi huchaguliwa kwa kazi. Basi mama ajue anakwenda kupiga picha za nini.

Pembeni pale kulikuwa na mwanamke kavaa ninja, macho tu ndiyo yanayoonekana. Hafidha akamtazama. Huenda katoka Bagamoyo, nani ajuaye?

"Wanyama," akasema.

Nilitaka kucheka, akanikanyaga.

"Wa mbuga ya Saadani?" Ishaka akauliza.

"Hao hao."

"Wanatulia, au wanakimbiakimbia?"

"Wakipigiwa ngoma hawatulii."

Kijana akakuna kichwa. Akauliza kama wanakubali mtu asogee karibu. Hafidha akasema wengine wana haya na wengine wakali, hasa wenye umri. Hapo Ishaka akapanda ngazi, akashusha lenzi ndefu kama mchi wa kinu. Akatueleza yote, hakuficha: hii humvuta mnyama aliye mbali ukaona na kope zake. Ile fupi ni ya sherehe na vyumbani, na kama mama hana sherehe, asipoteze fedha yake.

Nilimwona Hafidha akiitazama ile fupi. Neno moja tu lilitakiwa. Ninja naye akajisogeza kidogo, na Hafidha akaufunga mdomo. Mimi sikusaidia. Ile ndefu ilikuwa na heshima, nikasema mwenye kazi aonekane ana kazi. Tukachukua ndefu.

Siku ya hina sebule ya Bi Shaikha ilijaa, huwezi kudondosha tende ikafika sakafuni. Wijdan kakalishwa katikati, mikono na miguu imechorwa, kapendeza kupita kiasi. Hafidha akaingia na mchi wake shingoni, wanawake wakampisha, hata mimi nilivimba. Akaiinua, akalenga. Ndani akaona ukungu. Akabonyeza, kamera ikanguruma, ikakataa. Wijdan alikuwa karibu mno, lenzi haimjui mtu wa karibu.

Akarudi hatua tatu, ukungu. Akatoka mlangoni, akaona pua. Akarudi nyuma mpaka ukumbini, penye njia ya uani, akaona pua na jicho moja. Kumwona bibi harusi mzima ilibidi arudi mpaka uani, milango yote miwili iachwe wazi.

Uani wanapika wanaume. Bi Shaikha akatoa amri, Ausi mpishi na wenzake wakageuzwa nyuso ukutani, wasije wakaona ndani. Ausi akabaki anakoroga pilau kinyumenyume, kwa kunusa. Hafidha anarudi nyuma, jicho kwenye kamera, na mimi namwambia ajihadhari. Hakusikia. Akakaa ndani ya beseni la kachumbari, kamera kainyanyua juu isilowe. Kabla hajainuka akapiga picha nne. Hilo nampa.

Lakini wanawake kutulia hawatulii. Kila akimlenga bibi harusi mzima, hupita jinamizi la kitenge mbele yake. Akabaki kuvuta vipande: kitanga cha mkono, sikio, kidevu.

Alasiri Bi Shaikha akavaa miwani, akaitaka kamera. Akatazama sikio lenye herini. Akatazama kiganja chenye hina, ua kwa ua. Akatazama sikio la pili.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ndiye huyo, Bi Shaikha," Hafidha akajibu. "Vipande vipande."

Hafidha alisimama pale ana vitunguu mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu akafungua mdomo bila kuulizwa. Akasema lenzi ya sherehe aliiona, akaiacha. "Nilimwambia muuza duka napiga wanyama. Niliogopa watu wasije wakajua."

Biubwa, jirani yetu, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, akauliza, "Sasa hapa mnyama nani?"

"Wewe uliyepita mbele ya kamera mara tisa," nikamwambia, na hapo kicheko kikaanza.

Bi Shaikha hakucheka. Alirudia zile picha moja moja. Kisha akasema kwenye harusi ya binti yake mkubwa picha za wanawake vichwa wazi zilizagaa kwenye simu za watu mpaka Muscat kwa mashemeji zake, na Azzan, mume wa Bi Shaikha, akamnunia mwezi mzima wa Shaabani.

"Hizi nazituma popote," akasema. "Sikio hili nani atalijua la nani? Dhahabu yangu inaonekana, mtoto wangu kasitirika."

Akampa Hafidha siku zote zilizobaki. Akamwamuru kesho akachukue na ile lenzi fupi, ya picha za kubaki kabatini, na safari hii aseme kweli.

Waliposikia picha zinakwenda Muscat, waliokuwa wakicheka wakapanga foleni mpaka uani kupigwa picha za mikono, na Ausi akarudishwa ukutani. Asiye na dhahabu akaazima bangili za Biubwa. Usiku Bi Shaikha akazituma zote. Mashemeji wakajibu mashallah, hina imekubali, ila wakauliza ni mikono mingapi ndani ya nyumba ile, na mbona yote imevaa bangili zilezile.