Kwaya Ikipaza, Kompyuta Inanyamaza

Nilimsikia dada yangu akipigwa, analia, anaomba asamehewe. Wakati huohuo nilikuwa namwona jikoni, mlango wazi, anakatakata vitunguu huku akiimba taratibu.

Sikuwa nimelewa. Ngoja niwaeleze.

Mimi ni fundi kompyuta. Dada yangu, ninayemfuata kuzaliwa, aliolewa na mwalimu wa kwaya. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi aliyeishi nao.

Jamaa ana kipaji, tusimnyime haki yake. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwimbaji akikosea, kofi. Na dada naye kila mara "alianguka bafuni". Bafu la ajabu lile, lilimwangusha mtu mmoja tu.

Siku hiyo Mwalimu akanipigia simu asubuhi.

"Shemeji, njoo haraka. Kompyuta inanitia aibu."

Alikuwa akitunga wimbo wa mashindano kwenye programu ya kuandikia nota, ndani ya kompyuta yake ya mpakato. Unaandika, unabonyeza, kompyuta inakuimbia sauti zote nne. Waimbaji wake hawakujua kusoma nota, kwa hiyo walijifunza kwa kuisikiliza hiyo kompyuta.

Tatizo, sauti ilikuwa inakatika. Inaimba vizuri, ghafla kimya, inarudi, kimya tena.

Waimbaji wakadhani ndivyo wimbo ulivyo, wakajifunza na kule kukatika. Jamaa mmoja wa besi alilambwa kofi kwa kunyamaza pale kompyuta ilipomfundisha kunyamaza.

Nilipofika nilimkuta Mama, mama yake Mwalimu, sebuleni anafuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuitengeneza?"

"Ndiyo, Mama."

"Usiharakishe," akasema, macho kwenye uzi wake.

Nikaanza na mambo ya kawaida. Nikaipa programu muda zaidi wa kuandaa sauti kabla ya kuitoa. Bado. Nikazima intaneti, nikafunga kila kilichokuwa wazi, nikaizuia isijibane kuokoa umeme. Bado.

Ndipo nikagundua kitu. Sehemu za polepole zilipita safi. Ilikatika pale tu kwaya inapopaza.

Nikachomeka hedifoni. Wimbo mzima ukapita bila kukwama. Nikachomoa, nikarudia kwa spika. Ikakatika palepale.

Nikakuna kichwa. Ina maana kompyuta ilikuwa inajisikia yenyewe. Kulikuwa na kitu kinachoamka kila mara chumba kikiwa na kelele, na kikiamka kinaila mashine hadi wimbo unakosa nafasi.

Nikakitafuta, nikakipata. Kinasa sauti, programu ndogo ndani ya kompyuta, kimefichwa vizuri, kimewekwa kijiwashe chenyewe kikisikia kishindo. Nilipochungulia kinakohifadhi, rekodi zilikuwa zimejaa tele.

Nikavaa hedifoni tena, nikafungua moja.

Hapo ndipo nilipomsikia dada.

Mkanda. Kiti kinaanguka. "Basi, mume wangu, basi, utaniua." Kisha sauti ya Mwalimu, tulivu kabisa, inahesabu kama anavyowahesabia waimbaji mapigo. Moja, mbili, tatu, nne. Kila hesabu na pigo lake.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani.

"Vipi, inasikika?"

"Inasikika, shemeji."

"Safi?"

"Safi."

Damu ilinichemka, lakini akili ikaniambia tulia. Nilijua ni dada aliyekitega kinasa kile. Huyu bwana akikiona, dada yangu haoni kesho. Nikaifunga ile rekodi.

"Shemeji, niache niende nayo dukani. Spika zimechoka."

"Waimbaji wanafika sasa hivi."

"Nitairudisha haraka."

"Mbona umefunga haraka hivyo?"

Akanyoosha mkono kwenye kipanya. Nikawahi kuifunika kompyuta, na kabla sijatoa vidole, akakigandamiza kifuniko kwa nguvu zake zote. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Nikamtwanga kichwa cha pua. Damu ikamwagika kwenye shati lake jeupe.

Akashika stendi ya chuma ya kuwekea nota, akaanza kunishindilia nayo. Mbavu, mgongo, popote. Na alikuwa anahesabu, jamani. Nimelala sakafuni, mtu ananipiga kwa mapigo manne.

Dada akaja mbio, kisu bado mkononi. Mwalimu akamzaba kofi lililompeleka ukutani. Kisu kikaanguka. Mwalimu akakiokota.

"Leo nitawamaliza nyote wawili."

Mlango ukafunguliwa. Waimbaji. Wote wakaganda isipokuwa yule wa besi, mtu wa kilo zake. Alimrukia Mwalimu kwa nyuma, wakaanguka naye, kisu kikamchana mkono, na bado akamkalia kifuani mpaka polisi walipofika.

Hospitalini, mkono wangu ukiwa ndani ya plasta, nikamnong'oneza dada, "Ulifanya la maana kukitega kile kinasa."

Akanitazama. "Kinasa gani?"

Kumbe kule kituoni askari walishaanza kulainika. Mambo ya kifamilia hayo, walisema, nendeni mkayamalize nyumbani. Ndipo Mama akaingia, akaweka mezani flashi yenye zile rekodi.

Mama yule alikuwa karani wa kuchapa hukumu mahakamani mpaka alipostaafu. Kompyuta haikumtisha, na alijua kesi bila ushahidi ni porojo.

Askari akamuuliza, "Mama, huyu si mwanao wa kumzaa?"

"Ni wangu. Na baba yake alinipiga hivihivi, majirani wakipunguza redio zao wasikie vizuri. Andika maelezo yangu."

Mwalimu sasa anatumikia kifungo. Mama anaishi na dada, na wanapendana kuliko mtu na mkwe wanavyotarajiwa. Siku ya kuwaona wafungwa Mama huondoka peke yake, akarudi macho yamevimba. Hakuna anayemuuliza kitu, tunamwekea chai.

Ndugu msomaji, ukisikia mtu anapigwa nyumba ya pili, gonga mlango, ita watu, piga hata sufuria. Usinyamaze mpaka iwe zamu ya mama kumpeleka polisi mtoto aliyemnyonyesha.