Aliyeomba Fizikia

Jumatatu nilikuwa katika ofisi ya shule anayosoma binti yangu hapa Isiolo nikimsubiri mwalimu mkuu. Msichana wa kidato cha pili, mwenyeji wa Sericho, aliingia na babake kuchagua masomo.

"Nataka fizikia," akasema.

Naibu wa mwalimu mkuu hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Fizikia ni ngumu. Wasichana hawaipendi."

"Sijui kama ni ngumu, mwalimu. Tangu mwalimu wa somo hilo ahamishwe hatujafundishwa. Na maabara imejaa mahindi ya msaada."

Baba akamgusa bega anyamaze. Msichana akaandikishwa somo la biashara, akatoka akijifuta machozi kwa ncha ya hijabu.

Matokeo ya mtihani yakitoka, naibu huyo atatuambia wasichana wetu hawapendi sayansi, na sisi wazazi tutaitikia kwa kichwa.