Nauli ya Tramu

Vituo vilikuwa kumi na vinne. Nilivihesabu kwa vidole tangu sijang'oa meno ya utoto, nikavihesabu tena nilipoanza biashara ya dagaa, maana idadi ikitoka ileile mara mbili ujue gunia halijaguswa. Babu yangu mzaa mama, kule Lituhi, alivitaja kwa mpangilio mmoja: sokoni, kanisa la mawe, kiwanda cha bia, kona ya mpiga picha, mpaka cha mwisho, penye mti mmoja na benchi la kijani.

Ujanani alikwenda nchi za kusini kutafuta kazi, kama walivyokwenda wengi wa mwambao huu wa ziwa, akarudi na blanketi moja na tramu. Tramu yenyewe ilikuwa mdomoni: behewa linalopita katikati ya barabara, reli zake zimezama kwenye lami, umeme unashuka kutoka waya wa juu kwa cheche za bluu, na kengele ya kufukuza watu njiani. Huku kwetu reli tunaisikia kwenye hotuba tu. Kwa hiyo tulimsikiliza.

Mimi ndiye niliyeharibu. Ilikuwa sherehe ya ubatizo, wazee wamekaa na pombe yao, babu amefika kituo cha tisa. Nina kanuni moja niliyoiokota sokoni Mbinga: mtu akikwambia mzigo huu ameutoa Chiwanda, usimuulize habari za Chiwanda, muulize amelipa kiasi gani kuusafirisha. Mwongo huandaa hadithi, haandai nauli.

"Babu," nikasema, "nauli ya hiyo tramu ilikuwa kiasi gani?"

Akatazama kikombe chake. "Sikumbuki."

"Vituo kumi na vinne unavikumbuka, nauli huikumbuki? Basi hiyo uliipanda usingizini, mume mwenzangu!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo hakuna aliyenikemea. Lakini babu hakuvitaja tena vile vituo, na kila alipopita watu walimwuliza, "Nauli, mzee?" Wamemwuliza hivyo miaka zaidi ya ishirini, hata walipokuwa wamesahau kichekesho kilianzia wapi.

Mwaka huu, nikisubiri mzigo Mbinga, mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku alinionyesha kwenye simu yake video ya miji ya mbali iliyong'oa tramu zake zamani ili magari yapate nafasi. Magari yakapata nafasi, yakaijaza, yakasimama. Sasa wanachimba lami walaze reli upya. Walilipia kuzitoa, wanalipia kuzirudisha; kwa mchuuzi kama mimi huo ni msiba kamili. Nikamwomba anirushie ile video, nikashuka nayo ziwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta sukari?"

"Nimeleta tramu."

Nikamshikia simu. Anakaribia tisini, macho yana ukungu, akaivuta hadi karibu na pua. Hakutazama mabehewa. Alitazama chini ya magurudumu.

"Mfereji anafagia nani?"

"Mfereji upi?"

"Wa reli. Mchanga ukijaa humo, gurudumu linapanda, linatoka." Akainua mkono, akakwangua hewa kwa chuma asichokuwa nacho. "Tulianza alfajiri, kituo cha kwanza hadi cha mwisho, kwa miguu. Ikija unaruka pembeni. Ikipita unarudi."

"Kwa hiyo hukuipanda?"

"Ile ilikuwa ya Wazungu. Ningepanda wapi?"

Nikakaa chini. Nilirudi nyuma kwenye hadithi zake zote, nikazipitia mara mbili: hakuna siku aliyosema alipanda. Kupanda tuliongeza sisi.

"Mbona hukunijibu siku ile?"

"Uliniuliza bei mbele za watu. Nikujibu kwamba sikuruhusiwa?"

Nilitaka kuwaita waliocheka, nimrudishie heshima yake mbele yao. Nikawahesabu: waliobaki hai ni wawili, na mmoja hasikii. Haidhuru, nikasema, wawili wanatosha. Jumapili baada ya ibada watakuja hapa, na yeye atavitaja vituo vyake, kumi na vinne, bila kuulizwa nauli.

"Anza, babu, tujaribu."

Akaanza. Sokoni. Kanisa la mawe. Akaruka kiwanda cha bia, akaenda moja kwa moja darajani, akarudi sokoni. Nilipata tisa. Nikamwomba arudie, nikapata saba.

Basi nikamtajia mimi, polepole, kimoja baada ya kingine, hadi kwenye mti na benchi la kijani. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana ugenini na jamaa wa kwao.

"Kumbe na wewe ulifika!" akasema. "Uliipanda?"

Akanisogelea.

"Nauli ilikuwa kiasi gani?"

Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

"Sikumbuki, babu," nikasema.