Kiti cha Mzee Kondo

Kilichonitoa nyumbani ni jibu moja la kwenye simu. Ilikuwa Jumatano alasiri, nipo ofisini Kibaha, nawapigia wagonjwa wangu wa zamani mmoja mmoja kuwaalika kwenye darasa letu jipya la mazoezi. Ni darasa la watu waliowahi kuugua moyo. Wanatembea ukumbini, wanaendesha baiskeli zisizokwenda popote, wananyanyua chupa za maji, na sisi tunawapima mapigo. Nilipofika kwenye jina la Mzee Kondo wa Maneromango, niliyemtibu shambulio la moyo miaka miwili iliyopita, simu ikapokelewa na mkewe, Bi Chausiku.

"Mazoezi?" akauliza. "Daktari, si wewe mwenyewe uliyemkataza? Karatasi yako tunayo. Tangu siku ile amekaa, hajagusa hata ufagio."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri na anasubiri ashukuriwe. Nilimwambia nitakuja kumwona Jumamosi, nikakata simu, nikabaki nimeishika kalamu mkononi.

Nimefundisha udaktari wa moyo karibu miaka ishirini. Nilipokuwa mwanafunzi, tuliambiwa moyo uliougua ulazwe kitandani na usisumbuliwe. Baadaye nilikwenda kusoma ng'ambo, na wiki ya kwanza tu nikamkuta bibi mmoja aliyepata shambulio mwezi uliotangulia akikanyaga baiskeli huku anamsema mkwewe. Nilirudi nyumbani na habari hiyo na sijaacha kuihubiri. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza karatasi ninazowaandikia wagonjwa zinaishi vipi zikishatoka getini.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani kwetu Sofu, hapo hapo Kibaha. Nilipakia mashine ya presha, kipimo kidogo cha mapigo kinachovaliwa kidoleni, na chupa ya chai. Mume wangu alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mgonjwa hajakuita," akasema. "Unakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia mwandiko wangu."

Alicheka. Ameshazoea maswali yangu. Watoto ndio wamenichoka.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeiacha lami na kushika njia ya Kiluvya, nikila vumbi la malori ya mchanga. Kazi yangu imeniharibu macho. Siwezi kumwona mtu anapandisha mlima bila kukisia mapigo yake. Mama mmoja alivuka mbele yangu na ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi, anaongea na mwenzake bila kuhema. Nilipunguza mwendo nikamtazama kwa wivu, maana hakuna baiskeli yetu ambayo ingemfikisha alipofika yeye.

Kisarawe mjini nilisimama kupata chapati na maharage. Mama lishe alikuwa ameshachukua kijiko cha chumvi nilipomwomba asiongeze. Akanitazama juu hadi chini.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sitaki kuumwa."

"Haya," akasema, na chumvi akairudisha koponi kwa masikitiko.

Baada ya Kisarawe barabara iliniadabisha. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimechimba mifereji katikati, na gari dogo kama langu lilikwenda kwa kuombaomba, mihogo kulia, mikorosho kushoto. Saa tano na nusu niliingia Maneromango. Niliomba kuliacha gari karibu na kanisa la zamani la misheni, kisha nikatafuta bodaboda. Dereva alikuwa baba wa makamo aliyevaa koti zito na jua lote lile.

"Kwa Mzee Kondo? Yule wa kiti?"

"Kiti gani?"

"Utakiona. Panda, doktari." Tulipokwisha ondoka, akaendelea kusema kwa kugeuza shingo, jambo ambalo sikulipenda. "Zamani yule ndiye wa kwanza kufika msibani. Jembe begani, kabla hata hujatangaziwa. Sasa hivi hata kaka yake kazikwa, yeye hakufika."

Lile neno la mwisho lilinikaa.

Nilikiona kiti kabla sijamwona mtu. Kilikuwa cha plastiki, cha buluu, kimewekwa barazani, na miguu yake imeshachimba vishimo vinne kwenye udongo. Vishimo vingine vinne vilikuwa upande wa pili wa nyumba. Nilikuja kuelewa kwamba asubuhi anakalishwa huku na jioni anahamishiwa kule, kwa kufuata kivuli. Mzee Kondo alikuwa amenenepa usoni na kukonda miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Daktari. Karibu. Ningesimama, lakini watanigombeza."

Bi Chausiku alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akapokea shikamoo yangu, akaniongoza moja kwa moja ndani kunionyesha ukuta. Pale, kando ya kalenda, ndani ya fremu ya kioo, ilikuwepo karatasi yangu. Mwandiko ulikuwa wangu, sahihi yangu. Apumzike. Asifanye kazi nzito. Asijichoshe. Basi. Kichwani mwangu nilikuwa na maana ya wiki sita, lakini wiki sita zilibaki kichwani mwangu. Nilisimama mbele ya kile kioo nikaona aibu, aibu ya kweli, maana watu hawa walikuwa wamenitii kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Nilirudi barazani nikakaa kwenye mkeka karibu na kiti. Nilimpima Mzee Kondo taratibu. Presha ilikuwa nzuri na dawa anameza bila kukosa. Mapafu yalikuwa safi, miguu haikuvimba, na kifua hakijamuuma tangu atoke hospitali. Kisha nikamweleza, na mkewe akisikia, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba alipaswa kuanza kutembea zamani.

Mzee Kondo hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Kaka yangu Pazi amezikwa mwezi uliopita," akasema. "Kaburi lile pale nyuma ya mikorosho. Waliniacha hapa na mtu wa kunichunga. Nilisikia wanavyopita na jeneza. Watu walikuja kunipa pole nimekaa kama bibi harusi. Hata udongo, Daktari, kiganja kimoja, sikumtilia ndugu yangu."

"Nitakupeleka leo," nikasema.

"Hapana." Bi Chausiku alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi ndiye niliyemkuta chini kwenye mihogo, Daktari. Mdomo umejaa mchanga. Wewe ulimpokea akiwa kwenye kitanda chenye magurudumu, ameshaoshwa. Miaka miwili nimemtunza na yupo hai. Sasa unakuja siku moja na kimashine cha kidole unaniambia nimekosea?"

Ningeweza kumwambia mambo ya vitabuni. Badala yake nilimwambia ana haki ya kuogopa, kwamba amemtunza kwa karatasi mbovu na bado amemfikisha hapa. Nikamwomba tusubiri jua lipungue, tutembee wote watatu, hatua chache, nikipima kila tunaposimama. Na akiona jambo asilolipenda, aseme tu, tutarudi. Akakitazama kiti cha mumewe.

"Kiti tunakwenda nacho," akasema.

Saa kumi tuliondoka. Mzee Kondo mbele na fimbo, mimi pembeni nimekishika kidole chake, Bi Chausiku nyuma na kiti cha buluu kichwani. Nilimwambia mzee azungumze anapotembea, kwa kuwa mtu anayeweza kuzungumza moyo wake haujaelemewa. Alizungumza. Alinionyesha shamba lake lililolimwa na wengine mwaka jana, tena vibaya. Baada ya hatua mia za kwanza tulisimama, mapigo yakapanda kidogo tu. Tukaendelea. Kwenye kimwinuko kabla ya mikorosho alisimama mwenyewe, na mkewe akakishusha kiti haraka.

"Kaa."

"Sitaki."

"Kondo, kaa."

"Nimekaa miaka miwili," akasema, bila ukali. Akashusha pumzi, akahesabu na mimi dakika mbili, akaendelea.

Makaburi yalianza baada ya mkorosho wa mwisho. Hapo Bi Chausiku akasimama. "Sisi wanawake mwisho wetu hapa," akaniambia. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mipango yangu yote ya kupima na kushika kidole ilikuwa imefika mwisho pale, na kaburi la Pazi lilikuwa mbele, mwendo wa hatua arobaini hivi. Mzee Kondo alikivua kile kipimo kidoleni, akanirudishia, akaingia peke yake.

Niliogopa. Nimesimama kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi mara nyingi sana, lakini pale nilibaki na kipimo kisicho na kidole. Bi Chausiku alinitazama, akanisogezea kiti. Nikakaa mimi.

Tulimwona anafika. Alichuchumaa taratibu, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi. Aling'oa mengi. Kisha akachota udongo, akautia pale juu, akachota tena, mara tatu. Akainua mikono kuomba dua, na Bi Chausiku akainua yake pale alipo. Sikuangalia saa. Aliponyanyuka, aliegemea fimbo, na mkewe akanishika bega kwa nguvu mpaka aliponyooka.

Alirudi na vidole vimejaa udongo, uso umelowa.

"Umepima?" akaniuliza.

"Sikupima."

"Basi andika kwamba nimefika."

Niliandika barazani, kabla giza halijaingia. Karatasi mpya ilikuwa ndefu: wiki hii atembee hadi kisimani mara mbili kwa siku, wiki ijayo hadi kwenye mikorosho, jembe jepesi baada ya mwezi mmoja, kuchimba kaburi bado, kifua kikimuuma asimame na kunipigia. Bi Chausiku alinitaka niisome yote kwa sauti. "Na tarehe ya mwisho weka," akasema. "Isije ikakaa ukutani tena." Fremu aliishusha mwenyewe.

Jumapili niliamka Kisarawe, kwenye nyumba ya wageni, nikarudi Kibaha polepole. Nilichojifunza kinatosha kwenye mstari mmoja, nami nimekiandika ubaoni darasani: agizo la daktari lisilo na siku ya mwisho linaweza kumfunga mtu, na wanaomfunga ni wale wanaompenda. Wanafunzi wamekinakili. Sijui kama wameelewa. Mimi ilinibidi nipande bodaboda.

Miezi mitatu baadaye nilipiga simu Maneromango. Akapokea Bi Chausiku, kwa nyuma nasikia kuku.

"Mzee hajambo?"

"Hayupo. Kaenda msibani, kijiji cha pili. Kaondoka alfajiri, hata chai hajanywa."

Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia habari za msiba. Nikamwuliza kama amekwenda na kiti.

"Kiti nimekikalia mimi," akasema. "Namsubiri."